Mchumba wa Maonyesho

"Senobar, vaa lile gauni jekundu la mama yako. Wageni wanataka bibi harusi."

Hakusalimia. Miezi kumi na moja hajakanyaga hemani kwetu, na hilo ndilo la kwanza kumtoka kinywani. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya bamba la chuma nikigeuza mkate, unga umenipanda mpaka viwikoni. Kabla sijainua uso nikaona viatu vyake vya kupandia milima, vipya, havina hata doa la tope. Mtu anaishi kwa kutembeza watu milimani na viatu vyake havijawahi kuchafuka.

"Nasi hatujambo, Khodamorad," nikamwambia.

Akageuka haraka kuangalia nani kasikia.

"Mara ngapi nimekuomba uniite Kiarash mbele ya wageni?"

"Kabishane na mama yako aliyekupa jina. Mimi nimelikuta."

Huyo ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Siku niliyozaliwa, kitovu changu kilipokatwa, marehemu baba yake alitamka jina la mwanawe juu yangu, na kwetu sisi Bakhtiari, wahamaji wa milima ya Iran, binti akishatamkiwa, basi. Khodamorad alihamia Isfahan akiwa na miaka kumi na miwili. Nilipofikisha kumi na tisa alikuja na shali na sukari ya koni kuthibitisha uchumba, wanawake wakapiga vigelegele, akasema harusi itakuwa masika yajayo. Hayo masika yajayo nimeyangoja mara tisa.

Kila mwaka tulipofika malisho ya juu, chini ya theluji ya mlima Zardkuh, yeye alitokea na gari na kundi la watalii. Aliwapigisha picha mbele ya mahema yetu meusi, baba akamchinjia kondoo, nyumbu wetu wakabeba mizigo yake, chemchemi yetu akaiita "kambi ya mababu zangu". Vyote alivipata bure kwa kuwa ni mkwe mtarajiwa. Akinioa, atalazimika kuwa mume. Akiniacha, atakosa chemchemi. Kwa hiyo hakunioa wala hakuniacha, na alilala usingizi mnono.

Majira ya baridi yaliyopita nilipanda kilimani penye mtandao nikamwandikia: "Kama hunitaki, njoo uondoe mkono."

Alinijibu siku ya nne: "Haraka ya nini? Picha za masika zilipendwa sana. Mwambie ami wasije wengine wakapiga kambi pale chemchemi."

Kuondoa mkono ndiyo njia pekee. Binti akishatamkiwa mwanaume, hata kama mwanaume huyo hamtaki, hakuna mwingine wa kumposa mpaka mwanaume mwenyewe aseme mara tatu, mbele ya wazee watatu, kwamba ameondoa mkono. Halazimishwi. Na mimi nilikuwa na wa kunioa. Faramarz, mwalimu wa shule ya hema, anahama nasi kila mwaka na ubao wake mgongoni mwa nyumbu. Alikuja kwa baba mara mbili, na mara mbili baba alimpa chai akamrudisha.

"Mwalimu, nakupenda kama mwanangu," baba alimwambia. "Lakini huyu ana mkono wa mtu juu yake."

Nilimpenda Faramarz. Sizungushi maneno. Na wiki ile ile aliyofika Khodamorad, alikuwa ameniambia ameomba uhamisho kwenda Dezful.

Sasa mtu wa viatu visafi ananiamuru nivae gauni la mama.

"Bibi harusi wa nini?" nikamuuliza.

"Onyesho. Harusi ya kale ya wahamaji. Wapiga tarumbeta na ngoma wameshafika kutoka Chelgard. Wewe unakaa tu, unafunika uso, basi."

"Na bwana harusi?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Nyuma yake akaja mwanamke wa Tehran, kijana, mrembo, ameshika simu juu ya kijiti. Alikuwa akihema kwa mlima.

"Kiarash, huyu ndiye dada yako?"

"Ndiye," akasema bila kupepesa. "Dada wa ukoo. Senobar, huyu ni Taraneh, tunafanya naye kazi."

Tunafanya naye kazi, huku Taraneh akimpangusa vumbi begani kwa kidole kimoja. Sikuhisi wivu. Nilihisi kile mtu anachohisi akikuta unywele kwenye mtindi. Ndipo wazo likanijia, nikaugeuza mkate polepole ili sauti isinisaliti.

"Harusi kila mtu anaonyesha," nikasema. "Wale wa bonde la pili wameonyesha harusi tatu mwezi huu."

Akakunja uso. "Tatu?"

"Tatu. Kama unataka kitu ambacho hakuna aliyekionyesha, onyesha kuondoa mkono."

"Ndiyo nini hiyo?" Taraneh akauliza, macho yamemwaka.

Khodamorad akabadili sauti, ile sauti yake ya kuwaelezea wageni.

"Ni mila ya kale sana. Mchumba anamwachia binti uhuru wake mbele ya wazee. Inaliza. Ilishakufa zamani."

"Haijafa," nikasema.

"Binti ami, kwani nani bado anashika mambo hayo?"

"Sisi. Na ujue, Khodamorad, ukisema umesema. Wazee wetu hawaigizi."

Akamtazama Taraneh, wakacheka wote wawili, yeye zaidi.

"Msikie huyu. Hapa kila kitu kizito. Mimi nitasema maneno, wewe utalia kidogo, watu watapenda."

"Sitalia. Nimekwambia lakini."

"Umeniambia, umeniambia. Sasa kavae."

Nilimkuta Faramarz nyuma ya hema la shule akifuta ubao. Nilimweleza haraka haraka. Alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi.

"Hii ni hila, Senobar."

"Hila ni uongo. Mimi nimemwambia ukweli usoni. Hakusikia kwa sababu ni mimi niliyesema."

"Akisema kweli, halafu akajuta?"

"Atajutia chemchemi, si mimi. Na wewe umeomba uhamisho bila hata kuniuliza. Usinifundishe haki leo."

Akainamisha kichwa. "Niliomba kwa sababu siwezi kukuona masika mengine ukimpikia yule mkate."

"Basi simama karibu," nikasema. Niliogopa. Kama angechoka na mchezo katikati, akaamua harusi inafaa zaidi, ningekuwa nimejipeleka mwenyewe.

Baba hakutaka kusikia habari hizo kutoka kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Khodamorad, aliyekuwa anajitazama kwenye kioo cha gari.

"Mwanangu, nasikia umeomba wazee watatu."

"Ndiyo, ami. Wavae vizuri, wachane ndevu pia."

"Kwa ajili ya kuondoa mkono. Una hakika?"

"Hakika kabisa, ami."

"Kabisa?"

"Ami, jua litatuchwea. Waite."

Baba akaenda kuwaita.

Wageni kumi na wanane wakaketi juu ya mazulia yetu, wengine na viatu. Khodamorad akatokea amevaa joho la sufu lenye mistari myeusi, la wanaume wa kwetu, jipya la dukani. Alilivaa kifua wazi kama wanaume wa kwenye matangazo. Wazee watatu waliketi upande wa juu, na mkubwa wao, Mzee Shahbaz, ndiye aliyeuliza.

"Khodamorad mwana wa Alimorad, umekuja kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu," akasema, huku akiigeuzia simu upande wake mzuri wa uso.

"Tuko mubashara, antena ya gari inashika mtandao," Taraneh akanong'ona. "Elfu ishirini wanatazama."

"Sema basi," mzee akamwambia.

"Naondoa mkono wangu kwa Senobar."

"Moja," akasema Mzee Shahbaz.

Khodamorad akashusha pumzi ndefu, macho kwenye simu. Nikaona nimpe nafasi moja zaidi, ili baadaye nisije nikajilaumu.

"Khodamorad, nakwambia mbele ya watu wote. Huu si mchezo. Kama una neno la kusitisha, liseme sasa."

Wageni wakaguna kwa huruma. Mama mmoja wa Shiraz akatoa kitambaa. Walidhani nimefanya mazoezi.

Khodamorad akaweka mkono kifuani.

"Hapana, Senobar. Wewe ni wa mlima, na mimi ni wa barabara." Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe mpaka akayarudia, safari hii akiwa ameielekea simu. Kisha: "Naondoa mkono wangu kwa Senobar."

"Mbili."

Faramarz alikuwa kando ya nguzo ya hema, chaki kwenye mkono wa shati. Mama alikuwa anasukuma tasbihi bila kuhesabu.

"Elfu arobaini," Taraneh akasema.

Hiyo ndiyo ilimmaliza. Akapiga goti moja, akainua uso.

"Naondoa mkono wangu kwa Senobar."

"Tatu. Imekwisha," akasema Mzee Shahbaz, na wazee wakainuka, wakajipangusa magoti.

Wageni wakapiga makofi. Mama alilia kwa sauti, wakapiga makofi zaidi. Baba akamwinua Khodamorad pale chini, akambusu mashavu yote mawili kama tunavyombusu mgeni anayeondoka.

"Kuanzia sasa wewe ni mtoto wa kaka yangu tu," akamwambia. "Hemani kwangu utakaribishwa kama mgeni yeyote. Chemchemini atakaa huyo atakayemwoa binti yangu. Vitu vyako vilivyoko kule vitoe kabla ya Ijumaa."

Khodamorad alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilichelewa kupata habari.

"Ami, usitanie. Tulikuwa tunaigiza."

"Uliigiza lini, mwanangu? Leo, au miaka tisa iliyopita?"

Hapo makofi yakakatika.

"Miaka tisa gani?" Taraneh akauliza. Simu bado ilikuwa juu. "Kiarash, si umesema ni dada yako?"

"Zima hiyo simu."

"Nijibu kwanza."

"Ni mambo ya utotoni, ya kijijini, hayana maana."

"Nilikuwa mchumba wake mpaka dakika mbili zilizopita," nikamwambia Taraneh. "Mimi sina ugomvi na wewe, hukujua. Kaa unywe chai."

Taraneh alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Mimi aliniambia tutafunga ndoa majira ya vuli," akasema. "Hakusema ya mwaka gani." Akakaa, akachukua chai, na simu akaiacha ikitazama.

Khodamorad akanigeukia, uso mwekundu.

"Umenitega."

"Nilikuonya nikigeuza mkate, nikakuonya mbele ya watu, baba akakuuliza mara mbili. Ungemsikiliza mmoja wetu tu kana kwamba ni mtu."

"Basi nakuoa. Leo hii, sasa hivi. Tarumbeta zipo, wageni wapo. Ami, namwoa."

Mzee Shahbaz, ambaye alikuwa ameshapata kikombe chake, akasema bila kumtazama:

"Unaweza kuposa upya, hujakatazwa. Lakini kuna aliyekutangulia."

Faramarz akatoka kando ya nguzo. Alikuja mpaka mbele ya baba, akasahau maneno yote aliyoyaandaa kwa miaka miwili, mwalimu mzima.

"Mzee, nimekuja tena," ndicho alichoweza.

"Naona. Na wewe, Senobar?"

"Namtaka," nikasema. Nilisema kwa sauti, hata wale elfu arobaini wasikie.

"Mwalimu, kaa," baba akamwambia. "Chai ya leo hunywi ukaondoka."

Wapiga tarumbeta walikuwa wamesimama hawajui la kufanya. Mkubwa wao akauliza, "Tupige au tusipige?"

"Pigeni," baba akasema.

Wakapiga. Wanawake wa kwetu wakatoka na leso zao, wageni wakavua viatu hatimaye, mama wa Shiraz akacheza mpaka akakaa chini. Khodamorad aliketi garini na injini inaunguruma, akiwapigia honi wageni wake waondoke. Hakuna aliyeenda. Mmoja alimfuata dirishani, nikadhani anakwenda kumpa pole, kumbe alikuwa anamwomba asogeze gari, linawazibia wachezaji.

Wiki tatu baadaye tulifunga ndoa. Faramarz aliiandikia idara kwamba uhamisho hautaki tena.

Siku moja mimi na Faramarz tukapanda kilimani penye mtandao kumpigia shangazi, nikakuta ujumbe wa Khodamorad. Nitasema ukweli: nilikaa kwanza juu ya jiwe kabla ya kuufungua. Miaka tisa si mchezo. Nilidhani ataomba radhi. Nilidhani pengine atanitukana, na hilo nalo lingekuwa kitu.

Alikuwa ameandika: "Salamu binti ami. Ile video imefika watu laki tatu. Masika yajayo naleta watu thelathini, wanataka kuona ile ya kuondoa mkono. Ongea na mumeo anipe chemchemi siku mbili. Wewe na mimi turudie vile vile."

Nilimpa Faramarz simu. Akasoma, akasoma tena, akanirudishia.

"Utamjibu nini?"

Nilitafuta la kumjibu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimemwekea maneno, makali, yamepangwa vizuri, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Sasa niliangalia ile simu nikaona kwamba upande wa pili hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

"Mtandao ni mbovu," nikamwambia mume wangu, nikampigia shangazi.