Choo cha Maonyesho

Choo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitumia kilianza kunuka.

Adija aliisikia harufu hiyo asubuhi moja ya masika, akiwa ameinama na ufagio mkononi. Alisimama wima, akanusa tena, akageuza uso kando na kutema mate. Haikuwa harufu ya choo, maana ile kila mtu anaijua na anaizoea. Hii ilikuwa ya tumbo la mgonjwa, tamu kidogo, ya uvuguvugu, na ilimkaa kooni hata baada ya kutema mara ya pili. La ajabu zaidi, hapakuwa na nzi. Mlango ulikuwa wazi, jua linawaka, harufu inamwagika mpaka uani, na hakuna nzi hata mmoja aliyethubutu kutua.

Choo chenyewe alikuwa akikitunza yeye. Alikipaka udongo mweupe kuta zote, akakifagia kila siku, akanyunyiza jivu kuzunguka tundu na kulifunika kwa mfuniko wa mbao wenye mpini mrefu. Ndani ya tundu hilo hakikuwahi kudondoka kitu.

Hapo inabidi kueleza, maana asiyejua mambo ya Busunzu mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya atadhani watu hawa walikuwa na kichaa. Redio ilikuwa imesema kila kaya ichimbe choo. Pasikali, balozi wa nyumba kumi, alikuwa na redio ya betri, na jioni za kipindi watu walijaa uani kwake wakasikiliza habari za minyoo, kuhara na maji ya kuchemsha. Walitikisa vichwa, wakaimba na redio, kisha wakarudi makwao na kwenda kujisaidia migombani kama babu zao. Haukuwa ubishi. Kwao ilikuwa adabu. Baba mkwe hachuchumai pale alipochuchumaa mke wa mwanawe, na mke wa mwana akisikia baba mkwe amemfuata kwenye tundu lile lile, atatamani ardhi immeze.

Sasa Mzee Dadi, baba mkwe wa Adija, alikuwa muuza chumvi ya Uvinza na mafuta ya taa, mtu wa sala tano, lakini Muha mpaka kwenye mifupa. Alipoambiwa achimbe vyoo viwili, kimoja chake na kimoja cha wanawake, aliutazama ule mwamba mwekundu wa uani kwake akasema kimoja kitatosha. Kitatosha kuonyeshwa. Bwana Afya akija na baiskeli yake akute tundu, akute mfuniko, akute kata ya maji ya kunawa, aende zake ameridhika, na watu wa nyumba hii waendelee na migomba yao, wanawake upande wa juu, wanaume upande wa bondeni. Mkewe, Bi Zena, alicheka mpaka akajifuta machozi. Khatibu, mwana wao na mume wa Adija, akachimba. Bwana Afya alikisifu sana choo kile, akawaita majirani waje wajifunze, na majirani wakajifunza kweli, wakachimba vya kwao vya kuonyesha. Ukitaka kujua kinyaa kinaanzia wapi, kinaanzia hapo: watu wazima na akili zao wanapamba nyumba ya mavi kwa udongo mweupe, halafu wanakwenda kunya karibu na mboga zao.

Siku zile zile harufu ilipoanza, mtoto Asia alianza kuhara.

Alikuwa ndiye mtoto pekee wa Adija. Wawili waliomtangulia walizikwa kabla ya kuota meno, na huyu alikuwa ameanza kusimama dede, anashika ukuta na kujicheka mwenyewe. Sasa akawa hashiki ukuta. Alitoa maji meupe yenye utelezi, mchana na usiku, na Adija akawa anakusanya nepi chafu kwenye karai nje ya mlango ili asubuhi ateremke nazo kijitoni.

Asubuhi ya kwanza alizikuta safi. Alidhani Bi Zena amemhurumia, akaenda kumshukuru. Bi Zena akamwangalia kwa mshangao, akauliza mgongo wake huu utainama kufua nepi saa ngapi. Asubuhi iliyofuata zilikuwa safi tena. Adija aliinua moja na kuipeleka puani. Haikuwa imefuliwa kwa maji. Ilikuwa na unyevu mzito, wa kunatanata, kama nguo iliyotafunwa na ndama. Kitambaa kilikuwa kimerambwa.

Aliziteketeza zote, hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Khatibu alimpakia mke na mtoto kwenye baiskeli wakaenda hospitali Kibondo. Kule Asia aliwekewa maji ya mshipa, akapewa dawa, na haikuchukua muda akaanza kunyonya, akacheka, akamshika muuguzi sikio. Adija alilia kwa furaha mbele za watu. Wakarudi nyumbani. Jua halijatua, mtoto alikuwa amekwisha kulowanisha nepi ya kwanza, na kutoka kule chooni ile harufu ilikuja kuwapokea mlangoni.

Kuanzia hapo Asia alianza kuzeeka. Macho yalizama, mashavu yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Akawa halii tena kwa sauti, anafungua mdomo tu.

Alfajiri moja ya mvua Adija alizinduliwa na sauti. Chap, chap, chap, taratibu, nje ya mlango, penye karai. Alidhani ni mbwa wa jirani, akapapasa kando yake ampakate mtoto, na mtoto hakuwepo ubavuni. Koroboi ilikuwa inakaribia kuzima, na kwa mwanga ule mdogo alimwona Asia amelala mkekani karibu na mlango, macho wazi, kimya, na juu ya tumbo lake kulikuwa na mkono, mkono mwembamba mweupe usio na kucha, uliolowa kama kitu kilichotolewa ndani ya mnyama, ambao haukuwa na bega wala mwili kwa sababu ulikuwa umepenyezwa chini ya mlango na kunyooka mpaka pale, na vidole vyake vilikuwa vinalibana tumbo la mtoto na kuliachia, vinabana na kuachia, pole pole, bila haraka wala hasira, kama mtu anavyokamua kiwele cha ng'ombe anayempenda, huku nje ile sauti ya kuramba ikiendelea, chap, chap, na harufu ile ikipanda mpaka Adija akatapika pale pale alipokaa, akatambaa juu ya matapishi yake na kumvuta mtoto kwa miguu.

Mkono ulirudi chini ya mlango bila kukimbia. Mvua ikaendelea kunyesha.

Safari hii alisema. Alimwambia mumewe na mama mkwe, na wote wawili wakashusha sauti zao kana kwamba kuta zina wageni. Mzee Dadi aliletewa habari dukani kwa njia ya mkewe, kwani Adija hakuwa akizungumza naye uso kwa uso, wala hakuwahi kulitamka jina lake tangu aolewe. Mzee hakubisha. Alimtuma Khatibu Kasulu kwa Mwalimu Abdalah, mtu aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa wa majini, na Mwalimu akaja na lori la mizigo, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope.

Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha, akamnywesha mtoto lile kombe. Mtoto akalitoa kama lilivyoingia. Mwalimu akafumba macho akanusa hewa, akauliza choo kiko wapi. Alipoona zile kuta nyeupe na jivu lisilo na unyayo, aliwageukia wenye nyumba.

"Hiki kinatumiwa na nani?" akauliza.

Bi Zena alitazama chini.

Ilikuwa alasiri, kuna jua, kuku wanaparua uani. Mwalimu aliinua mfuniko kwa mpini wake, akasoma, akauliza aliye humo ni nani na amefuata nini. Jibu lilitoka chini, kwa sauti ya mtu anayesema huku mdomo umejaa.

"Walinichimbia nyumba," ilisema. "Wakaipaka, wakanifagilia mlango. Chakula hawakuleta. Nikakifuata kilipo."

"Mwache mtoto."

"Ego, nitamwacha. Wote waje wanilishe hapa. Wote wa nyumba hii, tundu hili hili. Nisipowaona wote, yule mdogo nitammaliza."

Mwalimu alirudishia mfuniko, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Aliwaambia kitu hicho hakikutumwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kumrudishia. Walikuwa wamejenga nyumba ya najisi wakaiacha tupu, na vitu vya najisi navyo vinatafuta makao. Kikishiba hapo kitamwacha mtoto, kisha yeye atasoma kukitoa kabla hakijazoea. Ila wafanye leo.

Adija hakungoja ashauriwe. Alifunga kanga vizuri, akaingia, akavuta mlango wa mabua, na wote walimsikia. Alitoka uso umemwiva, akaenda kumpakata mtoto. Khatibu akafuata, halafu Bi Zena akiwa anasali chini kwa chini. Kila mara kile kitu kilicho chini kiliramba midomo yake wazi wazi, na Mwalimu aliyezoea mengi alilazimika kuziba pua kwa kilemba.

"Bado mmoja," sauti ikasema.

Mzee Dadi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka na tasbihi yake. Khatibu alimwendea, akakataliwa. Mkewe alimwendea, akakemewa. Alisema ameishi miaka yote hiyo na heshima yake, hataingia mahali mke wa mwanawe alipovua nguo muda huo huo, kijiji kizima kikichungulia juu ya ua. Bora azikwe. Alisema hivyo huku machozi yanamtoka, kwani mjukuu alimpenda, na aibu nayo ilikuwa imemshika kweli kweli. Asia alikuwa ameacha kufungua mdomo. Kucha zake zilikuwa zinageuka rangi ya majivu.

Ndipo Adija akavuka ua, akapita mbele ya majirani waliojifanya wana shughuli, akapiga magoti kizingitini na kumlaza mtoto juu ya mapaja ya baba mkwe wake. Hakuwahi kumkaribia kiasi hicho.

"Baba," alisema, "mimi aibu yangu nimeimaliza. Imebaki ya kwako."

Mzee alimtazama mtoto. Alimgusa paji la uso kwa kidole kimoja, akamrudisha kwa mama yake, akaweka tasbihi mfukoni, akainuka. Alitembea uani bila kumtazama mtu, akaingia chooni, akavuta mlango.

Walisubiri. Walimsikia akikohoa. Kisha walimsikia akizungumza, kwa sauti ya chini, ile ile aliyotumia kupatana bei na wauza chumvi.

"Usirudi kwa mtoto," alisema. "Hata nikifa, usirudi. Mimi nitakulisha. Kila siku nitakuja mwenyewe."

Mwalimu Abdalah aliruka, akagonga mlango akimwamuru asiahidi neno, anyamaze, atoke. Chini ya ardhi kitu kikacheka kwa mdomo uliojaa. Mwalimu akakaa chini kwenye vumbi na msahafu wake mapajani.

"Ameahidi mbele yangu," alisema taratibu. "Ahadi ya mtu mzima mwenye akili timamu siwezi kuisoma ikatoka."

Jioni ile Asia alinyonya. Nepi ilibaki kavu. Baada ya siku chache alikuwa anashika ukuta tena, na Adija alimbusu nyayo, akambusu tena, akaona aibu kwa furaha yake kubwa namna ile wakati kwenye nyumba ile ile kuna mtu anaisha.

Mzee Dadi alitimiza neno. Mwanzoni aliingia asubuhi na kutoka, akafungua duka. Kisha akawa anaingia asubuhi na kutoka adhuhuri. Mashavu yakazama, kanzu ikamning'inia, akanuka ile harufu tamu hata akioga kwa kipande kizima cha sabuni, mpaka wateja wakawa wanachukua chumvi yao kwa mkono ulionyooshwa kwa mbali. Khatibu alimbeba kwa nguvu mara moja wampeleke hospitali. Hawakufika mbali. Njiani aliwasihi wamrudishe, kwa kuwa alikuwa amesikia mlio wa tumbo la mtoto akiwa maili nzima kutoka nyumbani, na walipofika walimkuta Asia amelowa.

Tangu hapo hawakumtoa. Na kwa kuwa Bi Zena alikuwa amevunjika moyo hata kula hawezi, ni Adija aliyemhudumia: alimpelekea uji, akamfulia, akamfuta uso kwa kitambaa pale alipokuwa hana nguvu za kuinua mkono. Mambo ambayo mke wa mwana hafanyi, aliyafanya yote. Kinyaa kilimshika kila mara, akatapika nyuma ya ua kila mara, akarudi.

Jioni moja alikuta mlango wa mabua umefungwa kwa ndani. Aliweka bakuli chini.

"Baba, toka ule. Nimekuletea uji wa ulezi."

"Mtoto amekula?" Sauti ya mzee ilikuwa dhaifu, ya karibu na ardhi.

"Amekula, baba. Ugali na maharage. Amemaliza."

"Anacheka?"

"Anacheka."

Ndani palisikika kitu kikiramba, chap, chap, bila haraka.

"Basi nenda kapumzike, mama Asia," sauti ikasema, na safari hii ilisikika kama ya mtu ambaye mdomo wake umejaa. "Uji mpe mtoto. Huku nasi bado tunakula."