Kichocheo Kwenye Beseni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Kwanini alifua ovaroli ya baba yake. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, maana tangu alipojua kusema hakuna jambo lililompita bila kuulizwa. Maji ya kwanza yalitoka meusi tii. Ya pili, meusi vilevile. Ya tatu yalikuwa ya kijivu, na chini ya beseni lilibaki vumbi zito.

Baba alikuwa mpakuaji kwenye mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa dizeli. Aliingia ndani ya tangi refu kama ghorofa tatu, akakwangua kichocheo kilichochoka, zile punje za madini zinazosaidia gesi kugeuka, na kukitoa kwa koleo. Mainjinia nao walivaa ovaroli, nyeupe pe, na zao zilifuliwa kwa mashine mlemle mtamboni. Za wapakuaji zilirudi nyumbani kwa wake na watoto. Tangu lini vumbi likachagua cheo?

Mikono ya Kwanini ikaanza kuwasha, kisha ikapasuka. Bibi, aliyezoea kukaa uani akipiga naye soga wakati wa kufua, akashikwa na kikohozi kisichokatika.

"Mkiulizwa zahanati, semeni ni sabuni," baba alisema bila kumtazama mtu. "Msimamizi ametuonya. Atakayefungua mdomo, kibarua chake kitaota nyasi."

"Kwa hiyo niseme uongo, baba?"

"Nimesema ni sabuni!"

"Sabuni gani hiyo inayonikohoza mimi nisiyeigusa?" bibi aliuliza.

Siku hiyo Kwanini hakuyamwaga maji ya ovaroli. Alijaza chupa ili amwoneshe mwalimu wa sayansi.

Jumatatu, kabla hajamwona mwalimu, injinia wa mtambo aliingia darasani kama mgeni. Alieleza vizuri, tusimnyime haki yake. Gesi huvunjwa vipande vidogo, alisema, kisha vipande hupitishwa juu ya punje za kichocheo, vikashikana upya na kutiririka vikiwa mafuta.

"Na kichocheo chenyewe hakigeuki kuwa mafuta," aliongeza akitabasamu. "Kikichoka tunakifungia kwenye mapipa. Hata punje moja haitoki nje ya geti letu."

Kwanini alisikia damu ikimchemka. Akakikumbuka kibarua cha baba, akaisukuma chupa chini ya dawati. Kisha bibi akamjia akilini, ameinama uani akihangaika kuvuta pumzi. Akasimama na chupa yake.

"Kama haitoki, hiki ni nini?"

"Chai ya rangi!" mwanafunzi mmoja akadakia. Darasa likaangua kicheko.

"Imetoka kwenye ovaroli ya baba yangu. Nafua mimi." Akainua mikono yake. Kicheko kikakatika.

"Labda ni sabuni, binti," injinia alisema.

"Sabuni tena! Na ovaroli yako wewe anaifua nani?"

Injinia akageuka na kuanza kufuta ubao.

"Mwanafunzi ameuliza swali, mheshimiwa," mwalimu alisema. "Tunasubiri jibu."

Injinia akachukua mkoba wake akaondoka. Mwalimu akaipeleka chupa kwa mkaguzi wa afya kazini, na kipimo kikasema wazi: ni vumbi la madini ya kichocheo, linalochubua ngozi na kuziba pumzi. Msimamizi akamwita baba ofisini kumfukuza. Wapakuaji wenzake wote kumi na wawili, ambao nyumbani kwao nako mikono ilikuwa ikipasuka, wakaingia naye, kila mmoja na ovaroli yake chafu, wakazirundika juu ya meza ya msimamizi.

"Basi anza kutufulia wewe," wakamwambia.

Mwezi haukuisha. Baba hakufukuzwa. Kwa amri ya mkaguzi, mashine ya kufulia ikawa ya wote, wapakuaji wakapewa barakoa za maana, na matibabu ya bibi yakalipwa na mtambo.

Jumamosi iliyofuata baba alimkuta Kwanini akifua sare ya shule. Akachuchumaa kando ya beseni.

"Nilikufundisha uongo, mwanangu. Nisamehe."

"Kwa nini uliogopa, baba?"

"Nilidhani naogopa peke yangu."

Bibi akacheka, na safari hii hakukohoa. "Sikieni nyote wawili," alisema. "Ugonjwa ukiutaja kwa jina lake, unatibika. Na ukiambiwa unyamaze, kwanza tazama nguo za anayekuambia hivyo zinafuliwa na nani."