Uso wa Angeline

Harufu ndiyo iliyotangulia: udongo mbichi, ndani ya chumba cha juu cha nyumba yao ya mtaa wa Saltley, huku Ulaya, ambako hakukuwa na hata kopo la maua. Mardochée alikagua soli za viatu vyake, akafungua dirisha, akaendelea kuhariri picha za harusi.

Kisha akaona paji la uso la bibi harusi limekuwa jeupe. Hakuwa ameligusa. Alifuta, akaanza upya, nao weupe ukarudi, sasa umeshuka hadi kwenye nyusi na kufifia taratibu kuelekea kidevuni. Aliutambua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutengeneza, wiki iliyopita, kwenye picha ya matanga ya marehemu Angeline.

Angeline alikuwa mweusi tii na alijivunia weusi wake. Krimu za kujichubua aliziita sumu, hasa mbele ya mdogo wake Sabine, ambaye alijipaka asubuhi na jioni bila aibu. Angeline alipokufa, Sabine ndiye aliyepeleka picha kwa Mardochée ili ichapwe kwenye mabango na fulana za waombolezaji.

"Papa Merveille, umuweke claire, mweupe kidogo," alimwomba, akimwita kwa jina la binti yake. "Watu watatoka Ulaya yote. Yaya, dada yangu mukubwa, asionekane vile."

"Vile namna gani?"

"Si unajua."

Alijua, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Alichukua gradienti, zana ya kompyuta ya kufifisha rangi, akaivuta kutoka utosini hadi shingoni, mwanga mkali juu na hafifu chini, akaongeza, akaongeza tena, mpaka kanisa zima likamlilia mwanamke ambaye hakuna aliyemjua.

Mchana huo binti yake Merveille alirudi kutoka shule ameshika kichwa, akilalamika paji lina baridi. "Dad, my forehead's cold."

Sylvie, mama yake, alimvua kofia. Kuanzia kwenye nywele hadi kwenye nyusi, ngozi ya mtoto ilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Mardo," Sylvie alinong'ona, "hii ni nini?"

Kule juu kipanya cha kompyuta kilianza kubofya chenyewe, na Mardochée alipopanda ngazi aliikuta picha ya Angeline imejaa kwenye skrini ingawa hakuwa ameifungua, udongo umetapakaa juu ya kibodi, gradienti inajivuta yenyewe usoni mwa marehemu, inashuka, inapanda, inashuka tena, na nyuma ya sikio lake pumzi ya baridi ikasema polepole: "Rudisha rangi yangu. Pale pote uliitoa. Kama hapana, nitabeba ya mutoto."

Aliifuta gradienti hiyo, lakini picha zilizochapwa zilibaki. Kisha yeye na Pasta Gustave wa kanisa lao walipita nyumba kwa nyumba, mitaa ya Nechells na Alum Rock, wakikusanya mabango na fulana, wakavichoma nyuma ya kanisa huku pasta akiomba. Kila fulana ilipoungua, weupe ulirudi juu kidogo usoni mwa Merveille, kuelekea kwenye nywele. Ulipobaki upana wa kidole, ukasimama, halafu ukaanza kushuka tena. Ilikuwa imebaki picha moja, ile iliyotundikwa sebuleni kwa Sabine, kule Newtown.

Sabine aliwafungulia mlango akitabasamu. Uso wake ulikuwa mweupe hadi mashavuni.

"Angalia, Papa Merveille. Na sikupaka hata krimu."

"Sabine, tupe ile picha."

"Yaya hajawahi kuwa muzuri hivi. Haitoki."

"Mutoto wangu anapotea."

"Hapotei. Anapendeza."

Mardochée alimsukuma. Aliing'oa picha ukutani, akaivunja kioo, akaichoma ndani ya sinki la jikoni. Simu ikalia kabla moto haujazima. Alikuwa Sylvie, akilia kwa furaha: rangi ya Merveille imerudi yote.

Alipogeuka, Sabine alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akijipapasa. Weupe ulikuwa umeshuka hadi shingoni, na pale yalipokuwa macho, pua na midomo, hapakuwa na kitu. Pasta Gustave alikemea kwa jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka. Harufu ya udongo ilijaa jikoni, na kutoka kwenye uso ule usio na mdomo ikatoka sauti ya Angeline, tulivu kabisa.

"Sasa umupige picha mudogo wangu aliyeutaka weupe, Papa Merveille. Na usitengeneze kitu."