Maandishi Chini ya Rangi ya Kijani

Maiti ilikutwa asubuhi kwenye mtaro wa mtaa wa Lindi, Kibera, kichwa kimepasuliwa. Inspekta Nasike aliinama, akaitambua.

Alikuwa Obiero, mchoraji wa vibao vya maduka. Siku tatu kabla alifika kituoni kumweleza Nasike kwamba amepewa kazi ya kupaka rangi masanduku katika yadi moja Kawangware, na kwamba ndani mna risasi. Nasike alimcheka, akamwambia arudi Jumatatu.

Leo ilikuwa Jumatatu.

Mjane, Mama Whitney, alisema mumewe hakuwa na adui. Yadi aliijua, aliwahi kumpelekea mumewe chakula huko.

"Aliniambia kuna inspekta anamngoja leo," akaongeza. "Madam, unamjua?"

"Nitamtafuta," Nasike akajibu, macho chini.

Daktari alikuta rangi ya kijani kwenye kucha za marehemu na kutu ndani ya jeraha. Aligongwa kwa chuma.

Nasike aliingia yadi ile na konstebo wawili, hati ya upekuzi mkononi. Walikwangua rangi ya sanduku la kwanza. Chini yake yakatokea maandishi ya jeshi la nchi jirani. Nchi hiyo na hasimu wake wa miaka mingi walikuwa wametia sahihi mkataba wa usalama majuzi tu, wakapeana mikono, wakaahidi kuuziana silaha. Anwani ya mzigo ilikuwa eneo la waasi wa hasimu huyo: kumbe huku nyuma mmoja anawapelekea waasi wa mwenzake risasi, juu ya masanduku pameandikwa mbegu za mahindi.

Msimamizi alitoka ofisini. Alikuwa Wanzala, polisi mstaafu aliyemfundisha kazi. Mtaimbo wenye damu ulikutwa nyuma ya mlango wake. Hakubisha, alikiri kumuua Obiero hapo hapo yadini na kumtupa Lindi kwa pikapu.

"Kwa nini, mzee?"

"Alisoma yale maandishi. Angesema, na walionituma wangenimaliza mimi."

"Ulijuaje kwamba angesema?"

Wanzala alimtazama kwa huruma.

"Si wewe ndiye uliyeniambia, Nasike? Ulinipigia simu ukicheka, eti kuna mchoraji wa Lindi ameona risasi Kawangware."

Konstebo aliyekuwa akiandika alisita.

"Andika," Nasike akasema. "Hata hilo. Na jina langu."

Jioni alirudi Lindi peke yake. Mama Whitney alimsikiliza akikiri hadi mwisho bila kumkaribisha kiti, kisha akafunga mlango polepole.