Mkono Ulionikuna Mgongo

"Usiniguse tena!"

Mteja aliruka kutoka kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu timutimu! Chanuo langu likabaki linaning'inia kwenye nywele zake...

"Kwani nimekuumiza, dada?"

"Una ugonjwa wa ngozi, unaambukiza, halafu unanishika kichwa? Nimeletewa ujumbe sasa hivi!"

Akajitanda mtandio, huyooo! Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Kujikuna nilikuwa najikuna, sikatai. Nina miaka arobaini na nane, hedhi inakuja ikijisikia, ngozi imekauka hadi miguu inaacha unga kwenye shuka. Mgongo ukiwasha najisugua mlangoni kama mbuzi. Msinicheke!

Ila aliyejua hayo ni mmoja tu... wifi yangu, ninayesuka naye saluni hiyohiyo. Nilimlilia yeye!

Siku hiyohiyo nikaenda hospitali. Daktari akanichunguza.

"Huambukizi mtu, mama. Unaelekea kukoma hedhi, homoni zinashuka, ngozi inakauka. Acha maji ya moto sana na sabuni kali. Ukitoka tu kuoga, paka mafuta haya yasiyo na manukato."

Nikarudi saluni mbio na kopo langu. Nikafunua pazia la nyuma...

Wifi kapandisha sketi, anajipaka miguu. Mafuta yaleyale! Na miguu imejaa mikwaruzo ya kucha!

"Wifi... na wewe?!"

Akaangua kilio. "Mwaka wa pili sasa. Wateja walianza kuniona najikuna, nikasema umeniambukiza wewe."

"Dawa unaijua, ukaniacha niteseke?"

"Mchumba wangu anajua nina thelathini na tano! Akisikia nakoma hedhi, ningemwambia nini?"

Huyu ndiye niliyekuwa namwomba anikune mgongo, naye ananikuna huku anajua kila kitu!

Nikasikia mtu anakohoa. Yule mteja, mtandio kichwani! Kazunguka saluni zote, hakuna msusi aliyekubali kumalizia mkono wa mwenzake. Na alikuwa amesikia yote.

"Nimalizie," akasema, akakaa. Kisha akaninong'oneza, "Hayo mafuta yanauzwa wapi? Hata mimi silali kwa kujikuna."

Wifi akabeba mkoba wake, akatoka. Sikumzuia.

Dada zangu, mwili ukibadilika msifiche, nendeni kwa daktari. Mimi ngozi imetulia. Ila mkono wake... bado nausikia mgongoni.