Kinu Changu Chini ya Gari

Asubuhi ile karanga zangu zilikuwa tayari. Nilikuwa nimezikaanga, nimezipepeta, na zimeshapoa. Jikoni nsansa ilikuwa inachemka. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, na bila karanga hayapiti kooni, angalau si kwa watu wa nyumba yangu. Basi nikatoka nje kuchukua kinu.

Kinu hakipo.

Sikuuliza kiko wapi. Niulize nini, wakati najua? Nilijifunga kanga vizuri, nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ambacho mume wangu Mayala hukiita gereji. Gari aina ya Noah lilikuwa limeinama, tairi moja imetolewa. Kinu changu kimegeuzwa kichwa chini, kimebeba ubavu wa gari. Na chini ya gari niliona miguu ya mume wangu.

"Baba Salu!"

"Naam."

"Kinu changu kinafanya nini huko?"

"Kinanisaidia kidogo. Namalizia."

"Kinu ni cha kutwangia!"

"Dakika tano tu, Mama Salu."

Dakika tano za Mayala nazijua. Juzi zilianza asubuhi zikaisha mchana. Tukala mboga chukuchuku, na yeye ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Sisi tunaishi Nyalikungu, hapa Maswa. Mayala ni fundi wa magari, tena fundi mzuri, sitamnyima sifa yake. Watu wanamletea magari kutoka Bariadi na hata Mkula. Injini ikikohoa, yeye anaisikiliza tu na kujua inaumwa wapi. Lakini kunyanyua gari! Hapo akili yake inakwenda likizo. Alikuwa na jeki moja ndogo, ile inayokuja na gari. Anapandisha gari kwa jeki, kisha analitegemeza kwa chochote kilicho karibu. Tofali, gogo, jiwe la kusagia la marehemu mama yake, na kinu changu.

"Siku moja litakuangukia," nilikuwa namwambia.

"Nafanya hivi miaka yote. Limeniangukia?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Walioangukiwa hawapo hapa kumjibu.

Asubuhi ile sikukubali. Nilisimama pale nikapiga kelele. "Toka! Toka unipe kinu changu sasa hivi!" Nilisema na mengine ambayo hayaandikwi. Mwishowe Mayala alichoka. Alijivuta kutoka chini ya gari, uso umejaa oili, akasimama ili anijibu.

Hakupata nafasi ya kujibu. Kinu kilipasuka. Jeki alikuwa ameshaihamishia upande wa pili, kwa hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kulizuia gari. Noah lilishuka kwa kishindo, vumbi likaruka. Pale alipokuwa amelaza kifua chake, sasa palikuwa na chuma.

Tulitazamana. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Mwishowe nililia tu.

Ungedhani amejifunza. Na kweli alijifunza, lakini alijifunza vibaya.

"Mama Salu, nimeelewa," aliniambia baada ya siku mbili. "Tatizo letu ni vifaa. Nanunua mashine ya kunyanyulia magari. Ile ya nguzo mbili. Gari linapanda juu, fundi anasimama chini yake kama mtu, halali tena kwenye vumbi."

"Umemuuliza nani?"

"Nimeiona kwenye simu. Iko Mwanza, imetumika kidogo tu."

Fedha ya pamba tuliyouza msimu ule ikaondoka. Lori likaja na nguzo mbili za chuma, ndefu, nyekundu. Majirani walikusanyika. Mayala alizunguka nguzo zake akitabasamu, akizipigapiga kama mtu aliyeleta fahali mpya zizini.

"Kesho nazifunga kwa bolti hapa sakafuni," alisema.

Nilitazama sakafu ile. Ilikuwa na ufa katikati, kisu changu cha jikoni kinaingia bila shida. Hapa kwetu mtoto mdogo anajua tabia ya udongo wa mbuga. Ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha unavimba. Kiangazi kikija unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unanasa.

"Baba Salu, sakafu hii imepasuka."

"Nitaziba."

Na kweli akaziba! Alikoroga saruji kwenye karai, akapaka juu ya ufa, akalainisha. Halafu akaniambia nione jinsi ilivyopendeza. Nilirudi jikoni, maana ningefungua mdomo ningesema maneno ya kuvunja ndoa.

Mume wangu hanisikilizi mimi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye yeye humsikiliza, naye ni dada yake mkubwa, Specioza. Wifi yangu huyu anafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja huko Shinyanga. Nilimpigia simu.

"Wifi, njoo. Ndugu yako anajichimbia kaburi, tena kwa gharama kubwa."

Alifika kesho yake asubuhi, kabla Mayala hajatoboa shimo hata moja.

"Mwangaluka, wifi," nilimsalimia.

"Mwangaluka. Yuko wapi?"

"Gereji. Anashona ufa."

Specioza alimsalimia mdogo wake, akapokea salamu zake, kisha akaomba nyundo. Aligonga sakafu karibu na ukuta. Ikatoa sauti nzito. Akagonga katikati. Ikalia kama ngoma.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, dada. Kuna nini chini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo tatizo lenyewe. Kiangazi hiki udongo umekauka, umesinyaa, umeshuka. Sakafu yako imebaki juu ya hewa."

Alichimba kidogo pembeni ili tuone unene wa zege. Ulikuwa upana wa vidole vitatu. Nondo hakuna.

"Nyumba yako hii uliichimbia msingi mrefu," alisema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbuga, dada. Usipochimba, kuta zinapasuka."

"Na hapa?"

"Hapa ni gereji tu."

"Gereji tu!" Specioza alishika kiuno. "Nyumba inabeba kitanda na kabati. Gereji itabeba gari juu ya kichwa chako. Bolti zikishikwa na zege jembamba namna hii, zitang'oka na zege lake. Nguzo italala, na gari litakuja nayo. Halafu Mama Salu atapiga simu nyingine, siyo ya kuniita kwa ushauri."

Mayala alikuna kichwa. Nilidhani yameisha. Kumbe wifi alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alichukua futi, akapima nguzo moja, akapima na urefu wa kibanda.

"Nguzo ni ndefu kuliko paa lako. Ulipima?"

"Nitatoboa bati."

"Atatoboa bati!" nilisema. Jamani, nilishindwa kujizuia. "Mvua iingie, mashine ioge!"

"Wifi, tulia kidogo," alisema Specioza, ingawa naye alikuwa anauma mdomo. "Mota hii inataka umeme wa njia tatu. Hapa mna njia ngapi?"

"Moja," Mayala alijibu kwa sauti ndogo.

"Umenunua viatu bila kupima mguu, mdogo wangu. Mtu anaanza na sakafu yake, paa lake na umeme wake. Anajua magari anayotengeneza yana uzito gani. Ndipo anatafuta mashine inayofaa." Alifuta vumbi kwenye kibati cha nguzo, akasoma. "Hii inabeba tani nne. Noah halifiki hata tani mbili. Hapo umebahatisha." Kisha akachungulia ndani ya nguzo, akajaribu meno ya chuma yanayozuia mikono ya mashine inayobeba gari isishuke. "Na meno haya ni mazima. Kwa hiyo mashine siyo mbaya. Mahali ulipotaka kuiweka ndipo pabaya."

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Usipate hasira."

"Sina hasira."

"Utapata. Vunja sakafu yote."

Alipata hasira. Alitoka nje, akapiga teke ndoo, akarudi. Specioza alimsubiri tu. Kisha akamweleza. Udongo mweusi uchimbwe utolewe. Iletwe moramu, ule udongo mgumu wa changarawe, ishindiliwe kwa tabaka, tabaka baada ya tabaka. Zisukwe nondo. Limwagwe zege la unene ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, wala siyo wa kukadiria kwa macho. Limwagiliwe maji, liachwe mwezi mzima likomae. Paa lipandishwe. Mota ibadilishwe, iwekwe ya njia moja.

"Mwezi mzima! Nitakula nini?"

"Utafanya kazi chini, kwenye ardhi ngumu pale mbele ya nyumba. Lakini kwa adabu. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," nilimalizia mimi, nikimtazama Mayala mguuni.

Mchana ule ule walikwenda mjini. Walirudi na jeki kubwa ya magurudumu, stendi nne za chuma, na kabari za kuzuia tairi. Stendi ni kama kigoda chenye miguu mitatu, shingo yake inapanda na kushuka, na ina pini ya kuifunga. Specioza alimwonyesha kwa lile lile Noah.

"Vuta breki ya mkono. Weka kabari kwenye tairi zinazobaki chini. Pandisha kwa jeki. Sasa weka stendi hapa, kwenye chuma kigumu cha ubavu, siyo popote. Shusha gari likalie stendi. Lisukume. Limetikisika?"

"Halijatikisika."

"Sasa ingia. Jeki inapandisha, stendi inabeba. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na kinu?"

Mayala alinitazama. "Kinu ni cha kutwangia," alisema polepole.

Sakafu ilivunjwa, zege likamwagwa, paa likapandishwa, mota ikabadilishwa. Mwezi ule wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko kiangazi. Zege halijamaliza wiki mbili, Mayala akaanza. "Mbona limeshakuwa gumu? Ona, natembea juu yake." Nilimwambia zege siyo uji, halipoi ukanywa. Kesho yake alisema tena. Nilificha mashine yake ya kutobolea, na sijuti. Alipoikosa alinuna siku nzima, akala huku amegeukia ukuta.

Mwezi ulipotimia, wifi alikuja na fundi anayejua kufunga mashine zile. Siku hiyo alimfundisha mdogo wake kuitumia. Mikono minne ya mashine ikae kwenye sehemu ngumu za gari, siyo chini ya tangi la mafuta. Asibaki mtu ndani ya gari. Gari likiachana na ardhi kidogo tu, simama, lisukume uone kama limekaa sawa. Ndipo upandishe. Na ukifika juu, shusha kidogo mpaka meno ya chuma yashike. Utasikia "ka!" pande zote mbili.

"Kwa nini nishushe tena?" aliuliza Mayala. "Mafuta ya mashine yanalishikilia vizuri tu."

"Mafuta yanapandisha. Meno ndiyo yanabeba. Ni jeki na stendi, mambo ni yale yale. Bomba la mafuta linaweza kupasuka. Chuma kilichokalia chuma hakina haraka hiyo."

Alikubali mbele ya dada yake. Dada alipoondoka, akaanza kusahau. Basi mimi nikawa askari. Nikiwa jikoni, nilitega sikio. Nikisikia mashine inanguruma na nisisikie "ka," napaza sauti.

"Sijasikia!"

"Mama Salu, acha nifanye kazi!"

"Sijasikia, Baba Salu!"

"Ka! Ka! Haya, umesikia?"

"Nimemsikia mtu. Nataka kusikia chuma!"

Majirani walicheka. Mayala alisema nampigia kelele kuliko mashine. Sikujali. Kila siku alinung'unika, na kila siku alishusha gari kwenye meno.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Lilikuwa Noah lile lile, limerudi kwa kazi ya breki. Nilisikia "ka" mbili, nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye nikasikia mlio kama nyoka mkubwa, halafu kimya. Niliacha chungu, nikakimbia.

Mayala alikuwa amesimama chini ya gari, ameloa mafuta kuanzia kichwani. Bomba la mashine lilikuwa limepasuka. Alitoka taratibu, akaja mpaka mlangoni, akanishika bega.

"Limeshuka?" nilimuuliza.

"Hata kidole halijashuka."

Tulisimama tukalitazama gari pale juu, limekaa kimya kwenye meno yake. Nilichukua ncha ya kanga nikamfuta mafuta usoni.

Bomba lilibadilishwa. Na wiki ile Mayala alikwenda mnadani akaniletea kinu kipya, kizito, na mchi wake. Alikiweka jikoni, ndani kabisa, mbali na gereji.

Jana asubuhi nilikuwa natwanga karanga. Jirani yetu Joakim alipita, amebeba jeki ndogo begani.

"Mwangaluka, mayu. Naomba, mama, mniazime hicho kinu. Pikapu yangu imepata pancha, nataka niitegemeze nitazame na springi. Dakika tano tu."

Nilifungua mdomo, lakini kutoka nyuma ya nyumba sauti ya mume wangu iliniwahi. Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Joakim! Kinu ni cha kutwangia! Ngoja hapo hapo, nakuletea stendi!"

Mimi niliendelea kutwanga.