Mamarithishi

Daktari alisema "nefraitisi", kisha akanyamaza kuiachia mashine zamu yake. Mzee aliyelala kitandani alimtazama mkewe, na mkewe akatazama sakafu. Taa ndogo ya kijani ikawaka ukutani, na sauti ya taratibu ya mtu mzima ikasema: "Nefra ni figo. Itisi ni uvimbe wenye joto na maumivu. Mzee wangu, una uvimbefigo." Mzee akapeleka mkono nyuma ya kiuno, pale pale figo zilipo, akasema kumbe ndiyo maana.

Mashine hiyo iliitwa kinyambuzi, na katika jiji la Songwe Mpya hapakuwa na wodi isiyokuwa nayo. Maneno ya kitabibu, yale marefu yaliyotoka Ugiriki na Roma ya kale, huwa yameungwa kwa vipande. Kipande cha mbele hueleza kama jambo limezidi au limepungua, lipo au halipo. Katikati hukaa mzizi, ambao mara nyingi ni jina la kiungo. Nyuma huja kipande kinachotaja balaa lililokipata kiungo hicho. Kinyambuzi kilifumua mishono, kikatafuta mzizi wa Kiswahili kwa kila kipande, kikaunga upya kabla mgonjwa hajapepesa jicho. Takikadia ikawa mbiomoyo. Osteomalesia ikawa ulainimfupa. Watu waliozoea kuitikia kwa adabu maneno wasiyoyajua sasa walikuwa wakiuliza maswali.

Aliyekibuni ni Subilaga, mhandisi wa lugha, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayetembea haraka na kuongea polepole. Alipokuwa msichana, daktari alimwambia baba yake neno "karsinoma", na baba, mtu wa heshima zake, akashukuru kwa mikono miwili. Walirudi nyumbani wakidhani ni jina la dawa. Walikuja kujua kwamba ni saratani miezi mitatu baadaye, na wakati huo hapakuwa na la kufanya tena. Subilaga hakuwahi kuisahau ile shukrani. Kila kipande cha kinyambuzi alikiunda akiwa nayo kifuani.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa akisoma taarifa za wiki za mashine zake akakutana na jambo la ajabu. Katika hospitali moja ya uzazi, mtu wa kitanda cha kumi na tisa alikuwa ameomba neno lile lile linyambuliwe mara sitini na tatu katika siku nne. Neno lenyewe lilikuwa "utovumgando mamarithishi". Subilaga alifikiri kifaa kimeharibika. Akachukua mkoba wake wa zana, akaenda.

Muuguzi wa zamu, Sista Kisa, alimwambia kifaa ni kizima. Mwenye shida ni mgonjwa. Mama huyo aliitwa Ndimbumi, na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa juzi, aliitwa Gwamaka. Mtoto alipotobolewa kisigino kuchukuliwa damu ya vipimo, damu haikukatika kwa saa mbili. Vipimo vikaonyesha hemofilia, yaani utovumgando kwa lugha ya kinyambuzi, ugonjwa ambao damu hukosa protini za kuigandisha. Haukuwa wa kutisha kama zamani, kwa kuwa sindano ya kurekebisha jeni ipo, lakini mtoto lazima kwanza awe na uzito wa kutosha. Na huyu, badala ya kuongezeka, alikuwa amepungua gramu mia nne. Roboti mpimaji alikuwa amekwisha kutoa onyo mara tatu. Mama alisema ananyonyesha vizuri, ila kila mara huomba pazia lifungwe.

Subilaga alimkuta Ndimbumi ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika. Juu ya kiti palikuwa na taulo iliyokunjwa, na Subilaga alipoisogeza ili akae, aliiona ni nzito, imelowa, na inanuka maziwa.

Aliirudisha mahali pake, akasimama.

"Dada, usimwambie sista," Ndimbumi alisema.

"Unayakamua humu?"

"Ndiyo."

Subilaga alimuuliza kwa nini. Ndimbumi akaelekeza kidevu kwenye taa ya kijani ukutani. Alieleza kwamba shuleni Kiswahili ndilo somo alilolipenda kuliko yote, na mnyambuliko wa vitenzi haukuwahi kumshinda. Kila alipoliomba neno lile lifumuliwe, akitumaini amesikia vibaya, mashine ilimjibu vile vile. Utovu ni ukosefu. Mgando ni kuganda, kama maziwa mgando. Mama ni mama. Rithisha ni kauli ya kutendesha, na mama ndiye mtenda.

"Rithisha," alisema. "Lisha. Nyonyesha. Zote ni kauli moja. Mmoja anatenda na mwingine anapokea. Kama mimi ni mrithishi, basi kila nikimnyonyesha namwongezea. Nikaona bora yaishie kwenye taulo."

Sehemu ile ya mwisho, inayotaja ugonjwa umetoka wapi, aliiongeza Subilaga mwenyewe miaka minne nyuma, na wenzake walimpigia makofi kwa kuweza kutia habari nyingi hivyo katika neno moja. Hakuwa amekosea sarufi. Alikaa kitandani kando ya Ndimbumi.

"Mdogo wangu, neno hilo nimelitengeneza mimi," alisema. "Na nimelitengeneza vibaya. Linasema nani, halisemi lini."

Akamweleza taratibu. Mwili wa mwanamke una nyuzi mbili za urithi za aina moja. Mtoto wa kiume huchukua uzi mmoja tu kati ya hizo, na hakuna anayechagua ni upi. Gwamaka aliuchukua wenye kasoro siku ile ile alipochukua umbo la masikio yake, kabla mama yake hajajua kama ana mimba. Jambo hilo lilikwisha hapo. Halimo kwenye maziwa, wala mikononi, wala katika pumzi. Ndimbumi naye alipewa uzi ule na mama yake, asiulizwe.

Ndimbumi alisema kwamba mama yake alikuwa na kaka aliyeng'olewa jino akiwa kijana, akavuja damu siku tatu, akafa. Mama yao, bibi yake Ndimbumi, alilaumiwa na ukoo mzima. Walisema alikuwa na mkono mbaya, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kumbeba mjukuu yeyote.

"Hata mimi hakuwahi kunibeba," alisema.

"Na lile neno la zamani je," Ndimbumi aliuliza baadaye, "hemofilia, lenyewe linasema nini?"

"Hemo ni damu. Filia ni kupenda."

"Kupenda damu?"

"Ndivyo walivyoliunga. Halina maana yoyote."

Ndimbumi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekuwa amelisahau, kisha akaanza kulia. Subilaga alimpa khanga iliyokuwa kichwani pa kitanda. Alipomaliza kujifuta, Ndimbumi aliinuka mwenyewe, akamchukua mtoto, akakaa naye, na safari hii hakuomba pazia. Gwamaka alihangaika kidogo akalipata titi. Akanyonya kwa pupa, ngumi imekunjwa, huku mama yake akimhesabia mafunda kwa midomo bila sauti.

Mchana huo Subilaga alikifungua kinyambuzi kikuu akakiamuru kiondoe katika maneno yote kiambishi kinachotaja ugonjwa umetoka wapi. Mashine ilimjulisha kwa upole kwamba usahihi utashuka kwa asilimia kumi na moja. Akaidhinisha. Akaongeza sharti jingine, kwamba ugonjwa unaorithiwa usitajwe kamwe na mashine pasipo mtu aliyekaa karibu na mgonjwa. Halafu akaomba orodha ya kina mama wote waliowahi kuambiwa neno lile. Walikuwa mia mbili na kumi na mmoja.

Alichukua likizo, akaanza kuwatembelea. Wengi walikwisha kuelezwa na wauguzi, wakamkaribisha chai na kumshangaa kusafiri umbali wote huo kwa ajili ya silabi chache. Wawili hawakutaka kumwona. Mmoja alimwambia mtoto alikufa, akafunga mlango taratibu.

Wa ishirini na sita aliitwa Tusekile. Alikuwa fundi kwenye mitambo inayochimba joto la ardhini chini ya mlima Ngozi, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi. Mwanawe, Lusajo, alichomwa sindano ya jeni akiwa na miezi miwili akapona kabisa. Alikuwa akiishi na bibi yake Kyela. Tusekile alisema amempeleka huko kwa sababu ya zamu za kazi. Alikuwa akimwona kila Jumapili, kwenye kioo cha simu.

Subilaga alieleza yale yale aliyomweleza Ndimbumi: ule uzi, ile siku moja, na kwamba neno lilikuwa na kosa na kosa lilikuwa lake. Tusekile alimsikiliza bila kumkatiza, akiipangusa meza iliyokuwa safi.

"Kwa hiyo balaa halimo mikononi," alisema.

"Halimo. Halijawahi kuwamo."

Tusekile aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ana miaka minne sasa," alisema. "Watoto wa miaka minne bado wanabebwa?"

"Wanabebwa," Subilaga alisema. "Wanapenda sana."

Tusekile aliweka kitambaa mezani, akaingia chumbani kutafuta viatu.